Nguzo Iliyochipua Kitundwe

Severini Mkude alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe haukuwa na dawa, si ya hospitali wala ya mganga: akiona chombo chenye waya ndani yake, hapiti. Watu wengine wakiona redio dukani huuliza bei. Yeye huuliza ndani mna nini, na mwenye duka akikosa jibu, basi siku hiyo hatoki pale hata umwite kwenda kula. Alikuwa hivyo tangu utotoni kwao Mlali, na mama yake alikwisha kata tamaa naye mapema, akasema huyu mtoto kazaliwa na bisibisi mkononi.

Misheni, karibu na Mkuyuni, ndiko alikozidishiwa. Bruda mmoja Mholanzi alikuwa na mtambo mdogo uliozungushwa na maji ya mto, wa kuwasha taa za kanisa na za nyumba ya masista, na Severini akachukuliwa kuokota majani yanayoziba mfereji. Kazi ya kuokota majani, jamani! Lakini hakuchoka, na polepole bruda akamwonyesha hiki na kile, hata likizo ya kwenda kwao Ulaya ilipofika akamwachia funguo. Severini akatumia kipande cha jiwe na waya wa shaba kujitengenezea redio isiyotaka betri, akaisikiliza kwa kidude alichokichomeka sikioni, na wenzake wakampa pole wakidhani sikio linamuuma. Mwaka wa sitini na tisa, watu walipotua mwezini, ni yeye aliyezunguka Mkuyuni nzima, kuanzia gulioni mpaka barazani kwa waungwana wa msikitini, akitangaza. Wazee walimsikiliza vizuri tu. Kisha mmoja akauliza, "Sasa huko wamefuata nini?" Swali lile lilimkera Severini juma zima. Kwake yeye kufika kulitosha, na cha kufuata kilikuwa shauri la watu wengine.

Ndoa ndiyo iliyompandisha mlimani. Alimwoa Modesta, binti wa ukoo wenye ardhi juu ya Mkuyuni, upande ule unaoitazama pwani. Na hapa tuelewane vizuri, maana kisa chote kimekaa hapa. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Modesta alikuwa na shamba kwa sababu mama yake alikuwa nalo, na Magdalena, binti yao wa pekee, angekuwa nalo baada yake. Severini alijenga nyumba, alilima migomba na mihogo, alikula akashiba, lakini yote kwa hisani. Mwenye kauli alikuwa mjomba wa Modesta, mzee Yohana Kobelo. Kila msimu mkwe alipeleka ngoto, yaani jogoo au kibuyu cha pombe cha kuwaheshimu wenye ardhi, halafu akalima vitu vya kupanda na kuvuna. Mti wa kudumu hapandi. Mti ukishika mizizi, kesho wajukuu wa aliyeupanda watasimama waseme hapa ni petu. Ukoo ule ulikwisha poteza bonde zima kwa ajili ya mikahawa mitatu iliyopandwa na shemeji mmoja mpole ambaye hata kuku hakuwahi kumfukuza. Wazee walioianza kesi ile walizikwa wote, na kesi ikabaki.

Severini aliyajua haya yote. Hakutoka nchi nyingine, na kwao Mlali mila ni ileile. Mtu akisema hakujua, anamwonea huruma bure.

Basi, kulikuwa na Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge huko bondeni. Mashamba yalipotaifishwa alikaa miaka michache akilalamika, kisha akafunga virago. Severini alikuwa akimtengenezea jenereta lake, na siku ya kuagana Mgiriki akampa sanduku dogo lenye kioo mbele na mkono wa kubebea juu. Televisheni. Aliinunua Nairobi, tena ya kisasa, inayokubali kuwashwa kwa betri ya gari. "Huku haina kazi," Mgiriki alisema, na alisema kweli, kwa kuwa huku bara televisheni haikuwepo na wakubwa walikuwa wakisema ni anasa ya kumharibu mkulima. Severini aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea ekaristi. Akaiweka chumbani juu ya sanduku la nguo, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Modesta alikuwa akilala akitazamana na mgongo wa mumewe na kile kioo kisicho na kitu.

Halafu akaja Mikidadi. Huyu alikuwa dereva wa lori la ndizi na machungwa, mtu wa Mkuyuni, mcheshi, ambaye Dar es Salaam alikuwa akiizungumzia kama mtu anavyozungumzia uani kwake. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne.

"Seve," akasema hata kabla hajashuka kwenye lori, "wewe unakaa na lile sanduku lako kama maiti, kumbe Unguja wamefungua televisheni! Nimeiona kwa macho yangu haya, Ilala, kwa Mhindi mmoja. Watu wanatembea ndani, wanasema Kiswahili, wanaimba. Inavuka bahari yenyewe!"

Usiku ule Severini hakula, na asubuhi alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: mawimbi yale hayapindi mlima kama ya redio, yanakwenda moja kwa moja kama jicho linavyotazama. Kwa hiyo anayetaka kuona Unguja lazima akae mahali ambapo hakuna kilima kati yake na Unguja. Akaanza kuhangaika. Alijaribu Mkuyuni kwenye paa la duka, akapata chenga tupu, kioo chote kikichemka kama mchele unapepetwa. Akajaribu kwenye mnara wa kanisa la misheni, padri akamshusha. Akajaribu shuleni. Chenga. Mwisho akapandisha sanduku, betri na antena yake ya vipande vya alumini mpaka Kitundwe.

Kitundwe ni mgongo wa mlima ulio juu ya shamba la Modesta. Hakulimwi, pana majani na mawe, na wazee wa ukoo hupanda pale wanapotaka kufanya tambiko. Kukiwa kweupe unaona tambarare yote mpaka mwisho wa macho. Severini alishika antena kwa mkono, akaizungusha kuelekea mashariki, na katikati ya zile chenga kikapita kivuli cha kichwa cha mtu. Kikapita, kikapotea. Alipiga ukelele uliowafanya wanawake mtoni waache kufua, wakadhani kaumwa na nyoka.

Kilichobaki kilikuwa mlingoti. Mabomba ya chuma hayakupatikana, na mwanzi ulikuwa ukiyumba. Akakata mti mbichi ulionyooka, wa aina ile watu wanayotumia kwa nguzo za ua, akachimba shimo refu, akausimamisha, akaushindilia mawe na udongo, antena juu. Modesta alimkuta akifuta jasho.

"Baba Magdalena, umemwambia mjomba?"

"Nimwambie nini? Hii ni nguzo."

"Umeichimbia ardhini."

"Mama Magdalena, nguzo za simu zimepita katika mashamba ya watu tangu enzi za Mjerumani. Nani aliombwa?"

"Hakuna aliyeombwa," Modesta akasema. "Ndiyo maana watu bado wanasema." Akangoja. "Peleka jogoo. Nitakukamatia mimi yule mwekundu, na kwa mjomba nitatangulia mimi. Ni neno la asubuhi moja tu."

"Nitapeleka," Severini akajibu, na wakati akijibu alikuwa ameshampa mkewe mgongo, anakaza waya.

Hakupeleka. Si kwa jeuri, hapana, mtu yule jeuri hakuwa nayo hata kidogo. Alisahau. Jioni moja alikuwa akitafuta kwa nini sauti inakuja bila picha, jioni nyingine picha bila sauti, na Jumapili betri ilikuwa imekwisha ikabidi imngoje Mikidadi aichaji kwenye lori. Shamba likaota magugu. Magdalena akawa anatumwa kumpelekea baba yake chakula kule juu, anakaa naye kidogo, anamuuliza maswali, anajibiwa "subiri kwanza, mwanangu," mpaka chakula kinapoa na yeye anarudi. Modesta alianza kupalilia peke yake, na akawa mtu wa maneno machache.

Masika yalipokuja, mvua ilinyesha kama kawaida ya Uluguru, kila kitu kikawa kijani. Na ile nguzo ikachipua.

Wa kwanza kuona alikuwa mwanamke aliyekwenda kukata majani ya kuezekea. Aliona machipukizi chini ya antena, kisha majani madogo yanayong'aa, akatua mundu wake. Hadi jua linazama habari ilikuwa imezunguka kitongoji chote: mkwe wa Kobelo kapanda mti Kitundwe, tena mahali pa tambiko, na kaufunga vyuma kichwani ili watu wadhani ni mtambo.

Kwa wakati mwingine labda wangecheka. Lakini mwaka ule watu wa tambarare walikuwa wakihamishwa kwenda vijiji vipya, wengine wakipakiwa kwenye malori na sufuria zao, na kila siku mlimani kulikuwa na uvumi: wanakuja huku, hawaji, wanakuja baada ya mavuno. Mtu aliyeonekana akipima kwa hatua alitazamwa vibaya. Na huyu Severini alikuwa na urafiki na misheni, na Wazungu, na dereva anayejua Dar. Hofu ilipata mahali pa kukaa.

Mzee Kobelo alipanda mwenyewe na fimbo yake. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, mtu ambaye hata akikasirika humkaribisha mtu kiti kwanza.

"Shikamoo, mjomba," Severini akasema, akisimama haraka.

"Marahaba." Mzee akautazama mlingoti toka chini mpaka juu, akagusa chipukizi moja kwa kidole. "Mkwe, hiki nini?"

"Mlingoti, mjomba. Wa kunasa picha. Umechipua kwa bahati mbaya, kesho nitayapogoa haya majani."

"Ukipogoa mti ndio unazidi mizizi. Wewe ni mkulima, unajua."

Kwa mara ya kwanza Severini aliuona mlingoti wake kama watu wengine walivyouona. Akaona afadhali aeleze. Akaeleza mawimbi, akaeleza Unguja, akaeleza jinsi picha inavyokatwakatwa na kuungwa tena, mikono inacheza hewani, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyozidi kujikunja. Mwisho akasema, "Mjomba, nipe Jumamosi moja tu. Waite watu wote wa ukoo. Wakiona picha wenyewe, watajua kwamba sikutafuta ardhi. Nilitafuta picha tu. Wasipoiona, nang'oa siku hiyohiyo na ngoto nitalipa mara mbili."

"Na ukinidanganya, mkwe, hutang'oa nguzo peke yake. Utang'oka wewe."

"Sawa, mjomba."

Nyumbani Modesta alisikiliza yote, akaendelea kuchambua mboga. "Umeweka rehani nyumba yangu kwa lile sanduku," akasema. "Mimi na mtoto tumewekwa katikati na hata hukutuuliza."

"Picha itakuja, mama Magdalena. Naijua sasa. Itakuja."

"Na isipokuja?"

"Itakuja," akasema, na macho yake yalikuwa yanameta kama ya mtu mwenye homa. Modesta alimwogopa kidogo, na akamhurumia, na hasira ikabaki palepale.

Jumamosi ile watu walipanda Kitundwe tangu alasiri. Walikuja na mikeka, walikuja na ndizi za kuchoma na vibuyu, kama wanaokwenda kwenye ngoma. Mama yake Modesta, ajuza, alipandishwa mgongoni na mjukuu wake. Mikidadi alileta betri mpya aliyoiazima kwenye lori, akaitua akihema. Na nyuma yake, bila kualikwa, akaja katibu wa tawi la chama, kijana msafi mwenye kalamu mfukoni, kwa kuwa Mikidadi alishindwa kuzuia ulimi wake kule gulioni. Severini alipomwona katibu alifurahi. Alimpangusia jiwe akae mbele. Masikini wa Mungu, alifurahi!

Jua liliposhuka nyuma ya mlima akawasha. Chenga.

"Hii ndiyo Unguja?" mmoja akauliza. "Mbona kunanyesha mchanga?"

"Wanapepeta," mwingine akajibu, "subiri, ugali utaiva." Watu wakaangua kicheko. Severini akapanda ngazi, akausogeza mkono wa antena kidogo, akashuka, akapanda tena. Shati lilimganda mgongoni. Modesta alikuwa amekaa pembeni amempakata Magdalena, hakucheka.

Kisha zile chenga zikatulia. Zikajikusanya, zikawa kofia ya viua, zikawa uso chini ya kofia, zikawa mtu mzima aliyekaa mezani, akainua macho na kuwatazama wote waliokaa pale majanini. "Habari za jioni, watazamaji," akasema, na sauti ilitoka safi.

"Nzuri, mwanangu," akaitikia yule ajuza. "Za huko?"

Hakuna aliyemcheka. Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Watoto wakakimbia nyuma ya sanduku kutafuta mwili wa yule bwana, wakarudi wakisema hana mgongo. Yule mtu wa Unguja akasoma habari za karafuu na za meli, halafu wakaja waimbaji wamejipanga, na vinanda, na mwanamke mmoja mnene anaimba huku mkono kauweka kifuani, na sauti yake ikatandaa juu ya Kitundwe mpaka machozi yakamtoka Severini mbele za watu, wala hakuyafuta. Mikidadi alikuwa akimpiga mgongoni, "Seve! Seve, mshenzi wewe, umeweza!"

Mzee Kobelo aliinuka. Akakisogelea kioo, akakitazama kwa karibu sana. Kisha akageuka, akautazama mlingoti, akaitazama nchi yote iliyolala chini yao ikianza giza.

"Mkwe, umesema kweli," akasema. "Sasa niambie. Na kule chini, Mkuyuni, picha hii inakuja?"

"Haiji, mjomba! Nimejaribu."

"Misheni?"

"Haiji. Wala mjini haiji, wala Bigwa pale pembeni ya mji, mlima unaziba." Severini alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa hajawahi kuulizwa maswali mazuri kama yale. "Nimetafuta kote, mjomba. Ni hapa tu. Katika milima yote hii hakuna mahali pengine kama Kitundwe!"

Yule mwanamke wa kwenye sanduku aliendelea kuimba peke yake. Katibu wa tawi alikuwa amesimama. "Ndugu zangu," akasema kwa furaha, "basi hapa ni mahali pa maana kwa taifa. Nitawaarifu wilayani. Panaweza kujengwa kitu hapa, kituo, barabara ikaletwa. Ndugu Severini, kesho utanionyesha mipaka yake."

"Mipaka ya nani?" Kobelo akauliza kwa sauti yake ya chini. Katibu hakusikia, au alijitia hasikii.

Mzee akarudi kukaa kwenye mkeka wake. Alionekana amezeeka tangu alipoinuka. "Picha isingekuja," akamwambia Severini, "ningesema mkwe wangu ni mjinga, na mjinga tungekaa naye. Ungeng'oa nguzo, tungekunywa pombe, yangeisha. Lakini picha imekuja. Umewaonyesha watu kwamba mlima wetu una kitu ambacho milima mingine haina, umewaonyesha mbele ya mtu anayepeleka habari wilayani, na nguzo yako ndiyo imesimama hapa ina majani. Nikinyamaza leo, kesho mwenye Kitundwe nani?"

"Mjomba, mimi sitaki ardhi! Mungu shahidi yangu."

"Najua hutaki. Yule wa mikahawa hakutaka pia." Akashusha pumzi. "Ung'oe kesho, na mizizi yake yote. Kisha uende kwenu Mlali ukapumzike, mpaka ukoo utulie."

"Mpaka lini?"

Mzee akamgeukia Modesta. "Mama, ardhi ni yako na ya mwanao. Ukiwa na neno la kumtetea mumeo, sema. Nitalisikiliza, na hawa wote watalisikiliza."

Na kweli wangelisikiliza. Kila mtu pale alijua. Kwa mila yao neno la mwanamke mwenye ardhi lina uzito, na Kobelo alikuwa anautafuta mlango wa kutokea, maana alimpenda mkwewe. Modesta akainuka, Magdalena akiwa ameshika upindo wa kanga yake. Alikuwa amejiandaa. Tangu mchana alikuwa na maneno tayari: kwamba mume wake ni mtu mwema, hajawahi kumwinulia mkono, kwamba ana kasoro ya kusahau, na kusahau si wizi. Alichotaka kwanza ni kumwona mumewe amtazame tu, ili ajue anamtetea nani.

"Baba Magdalena," akaita.

Wakati uleule picha, iliyokuwa imeanza kuyumba, ikakaza. Ikawa safi kuliko mwanzo, mpaka vifungo vya waimbaji vikaonekana. Na macho ya Severini, yaliyokuwa yanamwelekea mkewe, yakateleza. Yakaenda kwenye kioo. Mkono wake ukanyooka wenyewe kukamata kile kitufe cha pembeni, akakizungusha kidogo, taratibu, asije akaipoteza.

Ilikuwa kitambo kidogo tu. Alipokumbuka na kugeuka, Modesta alikuwa amekwisha kaa chini.

"Sina neno, mjomba," akasema.

Severini akaanza kusema, "Mama Magdalena, nilikuwa naku..." Watu wakaanza kukunja mikeka bila kuaga. Mikidadi akainama akafungua nyaya za betri, na mwanamke wa Unguja akamezwa na giza hali bado mkono uko kifuani.

Jumapili baada ya misa Severini aliung'oa mlingoti. Mizizi ilikuwa imekwenda mbali kuliko alivyodhani, ikabidi achimbe mpaka mchana, na Kobelo akasimama pale akihakikisha hakuna hata uzi uliobaki. Mzee hakusema neno baya. Alipoona mkwewe amechoka akamletea maji ya kunywa mwenyewe, na hilo lilimuuma Severini zaidi kuliko kama angemtukana.

Alasiri hiyohiyo Modesta alimsindikiza hadi barabarani. Severini alibeba betri na kifurushi cha nguo, Modesta akabeba lile sanduku kichwani, maana njia ya kushuka inateleza na mumewe hakuwahi kuzoea kubeba kichwani. Sanduku lilikuwa limefungwa kwenye blanketi. Njia nzima Severini alikuwa nyuma yake akisema maneno aliyopaswa kuyasema jana: kwamba atabadilika, kwamba atalivunja hili sanduku mbele ya mjomba akitaka, kwamba amwombee msamaha kwa ukoo. Modesta alikuwa akiitikia "mm," akiangalia anapokanyaga. Alilia mara moja, penye kijito, mikono yote miwili ikiwa imeshika mzigo, kwa hiyo machozi hakuyafuta.

"Njoo nami," Severini akasema walipofika kwenye lori. "Wewe na Magdalena. Tutapanga chumba Bigwa, nitatengeneza redio za watu."

"Nikifuatana nawe, shamba la mama nani atamshikia Magdalena?" Modesta akajibu. "Wewe una kwenu. Mimi kwangu ni kule juu, sina kwingine." Kisha akasema polepole zaidi, "Nilisimama, baba Magdalena. Watu wote waliniona nimesimama."



Mikidadi alikuwa akiungurumisha injini, anajitia hamnazo. Severini akapanda nyuma, akakaa juu ya mikungu ya ndizi, akanyoosha mikono kupokea sanduku lake. Modesta alilitua kwanza chini. Akafungua fundo, akalivua lile blanketi, akalikung'uta.

"Umechukua blanketi la Magdalena," akasema. "Usiku kule juu ni baridi."

Akampa sanduku likiwa wazi, kioo kikimulika jua. Akalikunja blanketi, akaliweka begani, akaanza kupanda mlima.